Minyororo Mirefu ya Kizunguzungu

Juzi mjukuu wangu alinisogezea simu usoni ili nione chombo kipya cha starehe kilichojengwa huko ng'ambo: reli inayopanda angani na kupinduka, na watu wamefungwa vitini wanapiga mayowe. Chini ya picha watu walikuwa wameandika maoni yao, na wengi wao hata hawajakipanda. Huyu anasema viti vimebanana, yule anachukia rangi, mwingine anaona kingefaa kwenda juu zaidi. Mjukuu wangu alicheka sana. Mimi nilitoka nikakaa barazani, kwa sababu ugomvi ule niliufahamu. Niliusikia nikiwa msichana mdogo, Kalemie, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Albertville.

Tulikaa kwenye avenyu, mtaa wa wafanyakazi wa reli, juu kidogo ya ziwa. Asubuhi sireni ya atelye, karakana ya reli, ililia na baba zetu wakatoka pamoja, kila mmoja na gamela yake ya chakula. Sisi wasichana tulipanga foleni kwenye robine ya maji, kisha tukatwanga sombe, majani ya mihogo, hadi mikono ikawa ya kijani. Ndakala, dagaa wa ziwa letu, zilianikwa juu ya mabati, na upepo wa ziwa ukileta harufu yake ndani ya nyumba, ikichanganyika na mawese yaliyokuwa yakichemka na moshi wa makaa ya garimoshi. Mlango huu walikuwa Waluba, ule Watabwa, ule Wabembe, na sisi Waholoholo katikati. Mtoto alikula bukari, ugali wetu, mahali njaa ilipomkuta.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa mabehewa, mtu mnene, mpole, aliyehamishwa kutoka Kabalo. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulilala kitanda kimoja mara nyingi kuliko tulivyolala mbalimbali. Mwaka ule wa sitini na nne, parokia ilipotangaza kermesi, sherehe yake ya kiangazi, fundi alijitolea kujenga kitu ambacho mji wetu haukuwahi kukiona: nguzo ya chuma iliyosimama juu ya ekseli ya behewa bovu, yenye mikono mirefu kileleni, na kwenye kila mkono kiti kinachoning'inia kwa minyororo. Wanaume wangesukuma mabomba ya chuma yaliyochomoza chini ya nguzo, na viti vingeruka vikizunguka. Sisi watoto tulikiita Kizunguzungu kabla hakijapata hata msumari wa kwanza.

Kila alasiri, atelye ilipofungwa, tulijaa uani kwake. Alifanya jambo ambalo sikuliona kwa mtu mzima mwingine. Aliweka nyundo chini na kutuuliza.

"Semeni, watoto. Njo nyinyi mutapanda, hapana mimi."

Loo, tulisema! Padre alitaka viti vyenye umbo la farasi. Lakini nani kati yetu alikuwa amemwona farasi? Tulitaka mitumbwi, na mitumbwi ikachongwa. Mwalimu wetu alipita na baiskeli, akapendekeza rangi moja kwa viti vyote, kwa ajili ya nidhamu. Tulimzomea kwa adabu, nyuma ya mikono. Mvulana wa mwisho wa avenyu alidai kiti chake kiwe mamba.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa minyororo. Mama zetu waliitaka mifupi, watoto wakae karibu na ardhi. Sisi tuliitaka mirefu.

"Mirefu, Papa!" rafiki yangu alipiga kelele. "Tupite juu ya mabati!"

"Mirefu?" akajibu mama muuza mikate, beseni likiwa bado kichwani. "Huyu mutoto akiponyoka atafika Kigoma mbele ya boti!"

Tulicheka hadi machozi. Ugomvi uliingia majumbani. Baba yangu alikuwa wa mirefu, mama wa mifupi, na siku moja walikula bila kusemezana. Nyanya yangu, tuliyemwita Kambo, peke yake hakuchagua upande. Alikuwa akisafisha ndakala mlangoni, akanena bila kuinua macho, "Mtoto akiona mbali kuliko mama yake, mama hana usalama."

Nilidhani anazungumzia urefu tu. Lakini mambo mengine yalikuwa yakitembea mjini, na wakubwa waliacha kuyasema tulipoingia. Redio zilishushwa sauti. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, limemeza njia ya pwani, na wazee walilitazama kama mgeni asiyetaka kuondoka. Duka la Mgiriki lilifungwa, halafu la Mwarabu. Chumvi iliadimika. Bandarini tuliona watu wakipanda boti la Kigoma na magodoro yao, hata mitungi yao, na hawakuaga. Mama wa rafiki yangu alimwomba mumewe waende Moba kwa dada yake.

"Baada ya kermesi," fundi alijibu. "Nimeahidi watoto."

Mirefu ilishinda.

Jumapili ya kermesi uwanja wa misheni ulijaa kuliko siku ya Pasaka. Nadhani watu walikuja kwa sababu walitaka kuwa pamoja. Kulikuwa na maandazi, samaki mikebuka wa kuchoma, na fanfare, bendi ya tarumbeta ya shule, iliyopiga kwa nguvu sana. Kizunguzungu kilisimama ukingoni mwa uwanja, mahali kilima kinapoanza kushuka kuelekea ziwani, kimepakwa nyekundu na buluu. Mimi na rafiki yangu tulipanda mitumbwi iliyofuatana, yeye mbele. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wasukumaji.

"Jishikeni!" fundi akasema, na dunia ikaanza kwenda.

Msomaji wangu, sijui nikueleze vipi. Kwanza tulipita usawa wa vichwa vya watu, halafu usawa wa matawi, halafu minyororo ikalala upande na tukawa juu ya mabati ya misheni. Ziwa, kanisa, barabara ya kaskazini. Ziwa, kanisa, barabara. Nilikuwa nikicheka kwa sauti nisiyoijua.

Ndipo rafiki yangu akaacha kucheka. Niliona mkono wake ukinyooka, nikatazama. Kwenye barabara, mbali, kulikuwa na vumbi. Ziwa, kanisa. Tulipoirudia barabara vumbi lilikuwa malori. Ziwa, kanisa. Malori yalikuwa na watu wamesimama, na juu ya vichwa vyao kulichomoza mitutu.

"Malori!" tulipiga kelele. "Papa! Malori!"

Chini walituona vinywa wazi, wakatupungia mikono. Fanfare iliendelea. Mama yangu, wa mifupi, alikuwa anapiga makofi kwa furaha, na kila nilipozunguka nilimwona anapiga makofi, na kila nilipozunguka malori yalikuwa yamekaribia. Sijapata tena maishani kuogopa vile: kuona kitu kinakuja, kuwa mbele ya macho ya wote wanaokupenda, na wasikusikie.

Fundi alielewa kwa kututazama nyuso. Aliwapigia kelele wasukumaji waachie, akajitupa na bega lake kwenye ubao wa breki. Chuma kililia. Fanfare ikanyamaza, na katika kimya kile kila mtu akasikia injini.

Uwanja ulimwagika kama mtama. Watoto ambao mitumbwi yao ilitulia mapema waliruka wakavutwa na mama zao. Sisi tulikuwa bado tunayumba. Baba alininyakua mimi. Fundi alikuwa anafungua mkanda wa binti yake malori yalipoingia getini.

Sitasema walikuwa wa upande gani, wa waasi au wa serikali. Walikuja wa upande mmoja, baadaye wakaja wa upande mwingine, na kuku wetu waliliwa na wote. Mkubwa wao alikuwa kijana, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Alikizunguka Kizunguzungu akikitazama, akagusa rangi kwa kidole.

"Nani alitengeneza hii?"

Waliobaki tulikuwa wachache. Fundi alimsukuma binti yake kwa baba yangu.

"Ni mimi."

Kijana akaketi kwenye mtumbwi mwekundu, bunduki mapajani. "Sukumeni."

Baba na fundi na wengine wakasukuma. Alizunguka polepole, buti zake zikining'inia, bila kutabasamu. Tulisimama tukimtazama akipita, akipita. Aliposhuka alijipangusa suruali.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini minyororo ni mifupi."

Halafu akamshika fundi begani, kwa upole kabisa, bega lile lile lililoumia kwenye breki. "Panda lori, Papa. Kuko loko ya treni ya kutengeneza."

Mke wa fundi alikuwa amekimbia na wengine; hakuwepo kumwona. Rafiki yangu hakulia. Aliita mara moja tu, "Papa!" na baba yake akageuka juu ya lori, akamwambia, "Fuata Mama. Muende Moba, mimi nitakuja."

Hawakwenda Moba. Hapakuwa na boti. Tulikimbia sote pamoja, nyumba mbili, hadi kijiji cha ndugu zake Kambo ufukweni, tukaishi huko kwa mihogo na ndakala mpaka risasi zilipotulia mjini. Tuliporudi avenyu ilikuwa na milango michache. Waluba wa mlango wa kwanza hawakurudi. Mwalimu hakurudi. Minyororo ya Kizunguzungu ilikuwa imekatwa na kuchukuliwa, na mitumbwi ilikuwa imechomwa kuni.

Siku garimoshi lilipofika tena kutoka Kabalo, mama wa rafiki yangu alivaa kitenge chake kizuri akatushika mikono, mmoja kila upande. Tulisimama stesheni. Aliwatazama abiria wote usoni, mmoja mmoja, akawasalimu wote, "Karibuni, poleni na safari," hadi behewa la mwisho likawa tupu. Dereva alipoulizwa alivua kofia yake tu. Mama yule alikaa kidogo kwenye benchi. Kisha akasema tuna njaa, akaturudisha nyumbani, akasonga bukari, na tukala.

Watu wapya waliletwa avenyu, na tulisalimiana vizuri. Lakini mgeni alipofika sasa aliulizwa kwanza kabila, kijiji, na alikuwa wapi wakati ule. Kulikuwa na milango ambayo mtoto hakuingia tena, na nyumba ambazo zilichomwa kwa sababu ya jibu moja. Niliwahi kuishi kwenye avenyu iliyogawanyika pande mbili, watu wanakula bila kusemezana, na sababu ilikuwa urefu wa minyororo. Hatukujua kwamba ile ndiyo ilikuwa amani.