Raketi Mpole ya Dorothea

Dorothea hakununua kitu bila kukigonga. Tikiti maji, sufuria, meza, hata mlango wa nyumba yake ya Katy, mji wa kando ya Houston, siku alipokwenda kuiangalia: alikunja kidole cha kati, akagonga mara mbili kwa kifundo, akainamisha kichwa na kusikiliza. Wauzaji walidhani anawatania. Alijifunza kwa mama yake, mfinyanzi wa Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako wanawake hupanga vyungu sokoni na mnunuzi hupita akivigonga kimoja kimoja.

"Chungu kizima kinaitika," aliniambia. "Chenye ufa kinanung'unika. Macho yatakudanganya."

Nilimfahamu nilipohamia Houston kutoka Arlington. Kazi yangu ilikuwa ukalimani hospitalini, hasa kwa Wakongo waliofika kama wakimbizi. Yeye alikuwa mchukua damu ya vipimo katika kliniki, na wagonjwa walikubali kungoja foleni yake kwa kuwa hakuchoma sindano mara mbili. Mwenzake mmoja wa kazini, mama wa Kimeksiko, ndiye aliyemwingiza kwenye padeli, naye akaniingiza mimi. Ni mchezo wa wawili kwa wawili, ndani ya uwanja mdogo wenye kuta za kioo, na raketi yake haina nyuzi; ni bapa na nene, kama kibao cha kukatia mboga kilichotobolewa matundu. Mimi nilisimama kulia, nikizuia. Dorothea alisimama kushoto, upande wa mshambuliaji, na mpira ukipanda juu alikuwa tayari ameshaufuata.

"Ulisoma sana, mdogo wangu," alinitania. "Unaufikiria mpira mpaka unapita."

"Na wewe, dada Doro, unaupiga kama umekutukania mama."

"Umenitukania."

Mwanzoni mwa mwaka 2006 alianza kukosea. Mipira aliyozoea kuimaliza ikagonga ukingo wa raketi na kuruka nje ya uwanja. Alisimama, akaigonga raketi kwa kifundo, akasikiliza. Iliitika vizuri. Hata hivyo akasema imekufa, tutafute nyingine.

Wakati ule raketi hizo hazikupatikana madukani. Tulizipata kwa mwalimu mmoja Mwajentina, tuliyemwita Profe, aliyekuja nazo kila aliporudi kutoka kwao na kuziuza Jumamosi asubuhi kwenye buti la gari. Dorothea alimweleza shida yake. Profe akachukua ile raketi yake ya zamani, yenye umbo la almasi na uzito kichwani.

"Hii ina nguvu," alisema, "lakini mahali pake pa kupigia ni padogo, tena pako juu. Ukikosa kidogo tu, inakuadhibu." Akamwonyesha ya duara: hiyo huvumilia makosa, ila mshambuliaji huiona baridi. Mwisho akatoa yenye umbo la tone la maji, sponji laini ndani, uzito katikati. Hiyo ndiyo ya mtu anayetaka kushambulia na hapigi sawasawa kila mara. Akatumia neno moja la Kiingereza kuisifu.

"Mkalimani," Dorothea alinigeukia, "hilo tulisemeje?"

"Raketi inayosamehe."

"Kwani nimekuja kuungama? Sema raketi mpole."

Tukacheka, na Profe akacheka bila kujua sababu. Dorothea akaigonga ile raketi mpole, akaridhika, kisha akaishika na kuipunga taratibu juani. Ndipo nikaona. Kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, nyama ya mkono wake wa kulia ilikuwa imebonyea. Kivuli kilikaa pale kama maji kwenye kishimo.

Kivuli kile nilikuwa nimeshakiona. Mwaka uliotangulia, Fort Worth, jirani na Arlington, kabla sijahamia Houston, nilimkalimania Polycarpe, mfanyakazi wa ghala aliyetoka Uvira. Mkono wake ulibonyea hivyo hivyo, mahali pale pale. Daktari alisema ni ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli, unaanza mkononi, unapanda, unafika kwenye ulimi na pumzi, na hauna dawa. Niliyasema yote hayo kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, bila kutetemeka. Polycarpe aliniangalia mimi, si daktari. "Mama, mumuulize: mukono itarudia?" Nikauliza. Nikamletea jibu.

Kwa hiyo nilijua, au nilijua vya kutosha kusema, "Dada, nenda ukapimwe."

"Hii je?" Dorothea aliniuliza, raketi mkononi.

"Nzuri," nikasema. "Chukua."

Wiki mbili za kwanza alicheza vizuri. "Umeona? Ilikuwa raketi," alisema, nami nikaitikia. Ilipoanza kumtoroka mkononi tulizungushia mpini utepe mwingine, ukawa mnene. Kisha tukarudi kwa Profe kuchukua nyepesi zaidi. Kila Ijumaa nilijiambia nitasema kesho, na kila Jumamosi nilimkuta uwanjani anajinyoosha, ana furaha, nikasema habari ya upepo.

Huko Ikombe mama yake alikuwa ametimiza miaka themanini na tatu, na alimwita kwa simu aje waonane. Dorothea aliahirisha. Aliamini ameuchosha mkono, unahitaji kupumzika tu. "Nikienda na mkono mbovu, udongo nitaukanda na nini? Atanicheka," alisema. "Acha upoe. Nitakwenda Desemba."

Mama yake alifariki Oktoba.

Mwezi uliofuata, kazini, Dorothea alimchoma mzee mmoja sindano mara tatu na hakupata mshipa. Akaiweka sindano chini, akamwomba radhi, akavua glavu. Ndipo alipokwenda kupimwa mwenyewe, na siku ya majibu akaniomba nimsindikize. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru. Daktari alipotoka alinitazama.

"Sasa niambie kwa Kiswahili."

Nikamwambia. Neva, misuli, ulimi, pumzi. Nilipomaliza aliinamisha kichwa upande mmoja, namna ile ile aliyokuwa akisikiliza vyungu.

"Hukutafuta neno hata moja," alisema. "Umelisema kama mtu aliyekwisha kulisema."

Nikatazama mlango aliotokea daktari.

"Ulijua lini?"

"Siku ya Profe. Siku ya raketi mpole."

Alihesabu miezi kimoyomoyo. Niliona midomo ikitembea.

"Mama alikuwa hai siku ya Profe," alisema.

Hakupandisha sauti. Alichukua mkoba wake kwa mkono wa kushoto, nami nikamwendesha mpaka Katy.

Madaktari waliniambia baadaye kwamba kujua mapema kusingebadili ugonjwa. Ni kweli. Lakini mimi sikumnyima dawa. Nilimnyima safari moja, akiwa na mikono miwili, mama yake akimngoja na udongo uliolowekwa.

Hakunifukuza. Pengine ingekuwa afadhali. Niliendelea kwenda kila Jumamosi, na mpwa wake Abigail, aliyekuwa akimuuguza, alinifungulia mlango. Mkono wa kulia ulilala juu ya paja, kisha na wa kushoto ukalala. Alipoletewa kitu, alimwomba Abigail akigonge karibu na sikio lake. Mimi hakuniomba.

Majira ya joto ya 2008 nilipeleka tikiti maji. Alikuwa hawezi tena kumeza isipokuwa uji mwepesi. Sijui nililinunua kwa nini. Maneno yake yalitoka mazito na kwa kuchelewa, ilibidi umsogelee. Abigail alikuwa jikoni. Ilikuwa wiki moja kabla ya Dorothea kufariki.

"Umeligonga?" aliuliza.

"Nimeligonga."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Sikuwa nimeligonga, nililichukua la kwanza kwenye rundo.

"Gonga," alisema. "Nisikie."

Nikapiga magoti kando ya kiti, nikakunja kidole, nikagonga mara mbili karibu na sikio lake. Alifumba macho. Nikagonga tena.

"Linasemaje?"

Ningeweza kusema linaitika. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Linanung'unika, dada," nikasema.

Alifumbua macho, akalitazama tikiti.

"Haya," alisema. "Likate hivyo hivyo."