Kete ya Mbegu

Mwezi uliopita nilikwenda shule ya sekondari ya Ikutha kumchukua mpwa wangu, shule zikifungwa. Mwalimu wa zamu alipokuwa akitafuta sanduku la mtoto kwenye stoo, nikaiona. Ilikuwa chini kabisa, kati ya madawati yaliyovunjika miguu, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kompyuta. Si hizi nyembamba za siku hizi, la, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, ambayo weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya meno ya mvuta ugoro. Nikaigeuza. Nikafuta vumbi kwa leso, nikajiona mle kiooni, mama mtu mzima, nikaketi pale pale sakafuni. Mwalimu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni vumbi tu.

Wacha nikusimulie wewe, maana hii habari sijawahi kuifikisha mwisho mbele ya mtu.

Nilikulia hapo hapo Ikutha, nyumbani kwa susu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Alikuwa mama yake baba, na mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo baba alituita sote wawili "mwaitu", yaani mama yangu. Akiita "mwaitu!" kutoka mlangoni, tunaitika pamoja, susu jikoni na mimi nje, naye anacheka sana. Baba alikuwa tanboi wa lori, msaidizi wa dereva. Walibeba sukari na unga, wakapitia Mwingi kwenda Garissa na kupita hapo, na akirudi nyumbani alinuka dizeli na vumbi la huko. Mimi niliipenda hiyo harufu kuliko sabuni.

Siku akirudi, kazi zote zilikuwa tamu. Tulikwenda na punda mtoni kuchimba mchanga mpaka maji yachungulie, tunateka kwa kibuyu polepole ili yasichafuke. Mama alitwanga muthokoi kwenye kinu, mahindi yakitoka maganda, tup, tup, na susu akachanganya na mbaazi mbichi na kitunguu. Baba akishaoga na kushiba, anatoa ubao wa drafti chini ya kitanda. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa mbao za sanduku la majani ya chai, miraba myeusi akaipaka makaa. Kete zilikuwa vifuniko vya soda, vyake vikikaa chali na vya mama yake kifudifudi.

Ndiyo, susu wangu alicheza drafti! Mama wa kanisa, mwimbaji wa kwaya mwenye kitambaa cheupe kichwani, alicheza hata wanaume wa sokoni wakamkwepa. Mdomo wake nao ulicheza. "Kula basi, mbona huli? Umeshiba wapi?" Hakuna aliyemshinda isipokuwa baba. Baba alianzia pembeni kila mara, na safu yake ya nyuma haikutoka nyumbani mpaka mambo yameharibika. Alimla mama yake moja moja mpaka akabaki na kete moja tu. Hapo aliacha. Angeweza kuimaliza, sote tuliona, lakini alirudi nyuma na kusema, "Hiyo naacha ya mbegu, mwaitu." Unajua kwetu. Hata njaa ikaze namna gani, kuna kibuyu juu ya moto ambacho hakiguswi, maana mvua ikija utapanda nini? Susu alimpiga kofi la mgongo na mchezo ukaisha hivyo, kila siku.

Kisha safari moja hakurudi. Miaka ile ya mwanzo ya tisini barabara ya huko ilikuwa mbaya, majambazi walikuwa wanavamia magari. Lori lilipatikana limesimama kando ya njia, milango wazi, mzigo haupo, dereva hayupo, baba hayupo. Damu haikuonekana. Ndilo lililotumaliza, rafiki yangu. Wangeona damu tungelia tukazika. Wazee wa ukoo walisema amekufa, pasta akataka ibada ifanywe, lakini susu alikataa katakata. "Mnataka nizike nini, viatu?" Na kama susu hajakubali, mama yangu naye angekubali vipi? Akawa si mke wala si mjane. Bado alikuwa kijana. Nilimwona akisimama na mchi mkononi, anatazama njia, kinu kimenyamaza.

Ubao ulirudi chini ya kitanda na susu hakuucheza tena na mtu. Lakini mchana, jua likiwa utosini na kuku wamelala kivulini, mimi nilisikia vifuniko vikigongana ndani ya nyumba. Nikiingia, kimya. Nilimwambia mama, akaniambia ni panya. Sauti yake ilinionyesha kwamba yeye pia alikuwa anasikia.

Wakati huo ndipo shule ya sekondari ilipoletewa kompyuta ile na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo. Aliyeijua ni mwalimu wa hesabu peke yake, kijana mpole kutoka Murang'a. Jumamosi jenereta ikiwaka alituruhusu sisi wa shule ya msingi tuingie tuone. Herufi za kijani zilimulika, kitu kikakoroma ndani, halafu ubao wa drafti ukatokea kwenye kioo. Drafti! Mwalimu akasema mashine yenyewe ndiyo mpinzani. Nikabonyeza nilivyoelekezwa. Ikaanzia pembeni. Nikacheza, ikacheza, ikinila inapiga kelele ndogo, pip. Safu yake ya nyuma haikutoka. Huo ulikuwa mchezo wa baba. Sikungoja kumaliza, nilikimbia nyumbani.

Susu alikuwa anasuka kiondo. Nikamweleza nikihema. Mkono wake ukasimama.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu, susu. Ni mashine."

"Anayecheza ni mtu. Kwamba huwezi kumwona ni neno lingine."

Jumamosi iliyofuata alivaa kitambaa chake cheupe cha kwaya, akatia chai ya maziwa kwenye chupa, tukaondoka. Njiani akaniambia jambo ambalo mtoto hapaswi kubebeshwa, lakini alikuwa hana mwingine wa kumbebesha. "Kama ni baba yako, ataniachia kete ya mwisho. Na akiniachia, basi nitajua hayuko duniani, yuko na aimu, mizimu ya wazee waliotangulia. Walio hai hawaongei kwa chuma. Lakini ikinila mpaka ya mwisho, hicho ni chombo tu, na mwanangu yuko mahali anatembea."

Unaona nilichopewa? Nilitembea nyuma yake nikiomba moyoni, Mungu, mashine imle susu. Imle zote. Isimhurumie hata kidogo.

Mwalimu alimpokea vizuri, akamwita cucu kwa Kikuyu chake. Susu akamwambia hapa kwetu ni susu, lakini leo anamsamehe. Wakacheka. Akaketi mbele ya kioo, akaonyesha kwa kidole, mimi nikabonyeza. Mwanzo aliitania kama zamani. "Kula, usiogope, mimi ni mama yako." Pip. "Aiee! Umekula na hujanawa!" Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Ilianzia pembeni. Ilikaa na safu yake nyuma. Utani wa susu ukawa unapungua, mwishowe ikabaki jenereta nje na ile pip.

Ilimla sana. Kila ikimla nilifurahi, halafu nikamwona anavyolamba midomo nikaona haya. Akabaki na kete moja. Alikuwa ameifanya kingi, kete inayoruhusiwa kurudi nyuma, imejikunja kwenye kona. Mashine ilikuwa na kingi zake mbili karibu kabisa. Hata mimi, mtoto, niliona njia. Hatua moja mbele na kona ingefungwa, susu angekuwa ameliwa.

Kingi ya mashine ikasogea. Ikarudi nyuma.

Susu akatoka kwenye kona, akarudi. Hakuwa na pa kwenda. Mashine ikaja mbele, susu akaonyesha, nikabonyeza na kufunga macho. Mle. Mle, tafadhali, maliza. Nikafungua. Ilikuwa imerudi nyuma tena. Ikaja, ikarudi. Ikaja, ikarudi. Nilibonyeza nikilia, na susu akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akakiweka pajani pake.

"Inatosha," alisema. "Ameacha ya mbegu."

"Cucu, hiyo ni droo, hakuna aliyeshindwa!" mwalimu akasema kwa furaha. "Wengi hapa hawajawahi kupata droo!"

Susu hakumsikia. Alifungua chupa, akamimina chai kidogo kwenye sakafu ya simenti mbele ya meza. Yeye, mama wa kanisa, aliyekuwa akiwakemea majirani kwa kuwamwagia aimu chakula. Akasema polepole, kwa sauti ya kumwita mtu aamke, "Basi uko huko, mwanangu." Mwalimu alinitazama, mimi nikatazama ile chai ikitambaa kwenye ufa. Yeye akaenda nje akazima jenereta, na kioo kikawa cheusi na sisi wawili ndani yake.

Siku hiyo susu alinyoa nywele zote. Alilia mpaka majirani wa ng'ambo ya korongo wakaja, na mama akaanguka kwenye mkeka akalia naye, na mimi nilikaa nje ya mlango nimewakasirikia wote. Ibada ilifanywa. Baadaye mama aliolewa na mfanyabiashara wa Kambu, mtu mwema, akanichukua nami nikamalizia utoto wangu kando ya barabara kuu, malori ya Mombasa yakipita. Kila lililosimama nilichungulia. Susu alifariki akiwa na amani. Baba hakuonekana, wala mfupa wake, wala mtu aliyesema amemwona.

Yule mwalimu nilikutana naye Kambu, mvi zimemjaa, akinunua maembe. Tulizungumza na nikamuuliza kwa nini ile mashine haikumla susu. Alishangaa kwamba bado nakumbuka. Akanieleza vizuri, kwa upole wake ule ule. Programu zile za zamani zilikuwa na akili fupi, zilitazama hatua chache tu mbele. Mwanzo wa mchezo zinatisha, lakini kingi zikibaki chache kwenye ubao mpana hazioni mwisho, basi zinakwenda mbele na nyuma tu. Na kuanzia pembeni, na kuweka safu ya nyuma? Akacheka. "Hiyo ndiyo drafti, dada. Kila mchezaji mzuri anacheza hivyo."

Nilimuaga nikaenda nikakaa nyuma ya kibanda. Kwa hiyo tulimzika baba yangu kwa sababu chuma hakikuona mbali. Nilikasirika, halafu nikakosa wa kumkasirikia. Susu alipumzika, mama alipata maisha. Ni mimi tu niliyebaki njiani.

Siku hizi Ikutha hakuna anayekaa na ubao na vifuniko. Vijana wamekaa safu moja kwenye baraza ya duka, kila mmoja ameinamia simu yake, hakuna anayemtania mwenzake. Mimi pia nina drafti kwenye simu. Inakuuliza unataka mpinzani wa kiwango gani, na mpwa wangu hunicheka, maana kila siku nachagua kile cha juu kabisa na sijawahi kushinda. "Shangazi, utapigwa tena!" Ndiyo, nitapigwa. Hiyo ya juu inaona mbali. Inanifuata mpaka kwenye kona, inafunga njia, inanila kete ya mwisho bila kusita. Na kwa kitambo kidogo, kabla sijaweka simu chini, baba yangu yuko mahali anatembea.