Aliyeniita Mara Mbili

Hiki kisa nakiandika kwa simu, kwa kidole kimoja, na ukifika mbele utajua kwa nini sikusimulii kwa mdomo. Mungu ni shahidi yangu, kilitokea. Kilinipata mimi mwenyewe, hapa Kibomet, Kitale, Jumapili saa tisa mchana, watu wakitoka kanisani. Kuna wanaosema niliota. Mtu huota akiwa amekaa, macho wazi, chai mezani?

Mimi nilikuwa nauza viatu vya mitumba sokoni. Nikianza kunadi, mama aliye ng'ambo ya barabara anageuka kuangalia. Sauti ndiyo ilikuwa jembe langu. Nikifunga kazi nilikuwa na starehe moja tu, gemu, na si gemu lolote. Lile la kucheza peke yako, lenye hadithi. Unatembea msituni, unaanguka, unaamka, hakuna mtu wa kukuharakisha. Hata tukiwa wadogo kule Bungoma, mimi na binamu yangu Barasa tulikuwa na padi moja, kile kidude cha kuchezea gemu. Ukifa, unampa mwenzako. Mmoja anacheza, mwingine anatazama.

Siku hizi nani anakutengenezea gemu kama hilo? Nilinunua diski mpya, nikaiweka, skrini ikaniambia nitafute intaneti, halafu nitafute wenzangu. Wenzangu gani, bana, na mimi nimetoka kupigana na makelele ya soko siku nzima? Nikampigia Barasa nikiwa na hasira. Akanicheka.

"Ati bado unacheza peke yako kama mchawi? Siku hizi ni timu. Vaa hedifoni, na ukiitwa, itika haraka. Usipoitika wanakutoa."

Hapo ndipo kosa lilipoingilia. Mimi na Barasa tulilelewa na kukhu, yaani nyanya yetu, na kukhu alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mchezo nayo. Mtu usiyemwona uso akikuita, nyamaza mpaka aite mara tatu. Binadamu ataita mara tatu, mara nne, mpaka akasirike. Kitu kisicho binadamu huita mara mbili tu. Tuliishika sheria hiyo shambani, mtoni, hata chooni. Lakini kwa gemu? Niambie, wewe ungekumbuka?

Basi Jumapili hiyo tulikuwa wanne kwenye timu: mimi, Barasa na watu wawili nisiowajua. Mtandao wa Barasa ukakatika. Mmoja wa wale wageni naye akatoka. Tukabaki wawili juu ya daraja, na nikaona kitu. Juu ya kichwa cha kila mchezaji huwa kuna jina lake. Huyu hakuwa nalo. Alikuwa amesimama tu, ananitazama.

Akaniita. Si jina langu la gemu. Aliniita lile la nyumbani, ambalo sitaliandika hapa, na ambalo katika Kitale yote analijua mke wangu Nekesa peke yake. Nikanyamaza. Akaita tena, polepole, kisha kimya. Niliogopa, sikufichi, padi iliniteleza kwa jasho. Lakini kilichonijia kichwani si maneno ya kukhu. Ni ya Barasa: usipoitika wanakutoa.

Nikasema, "Niko hapa."

Akajibu, "Asante." Kwa sauti yangu.

Na juu ya kichwa chake likatokea jina langu. Juu ya changu hapakuwa na kitu. Nilizima kila kitu nikalala mapema, nikijidanganya kwamba ni uchovu. Jumatatu nikafika sokoni, nikafungua mdomo kunadi, ukatoka upepo mtupu. Daktari alimulika koo langu, akasema ni zima kabisa.

Wiki mbili baadaye, jioni, Barasa akampigia Nekesa. Mimi nilikuwa hapo hapo namenya viazi.

"Shemeji, mbona mnanificha? Si jamaa amepona? Jana aliniita kwa gemu mara mbili. Sikumjibu kwa sababu maiki yangu ilikuwa imekufa. Leo nimenunua ingine, ngoja nimwitikie."

Nekesa akaniangalia. Akamwambia asithubutu, akamwambia mimi nimekaa mbele yake na siongei. Barasa akacheka, akakata. Tulipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Niliacha kisu kwenye viazi. Kutoka Kitale hadi Bungoma, anakokaa Barasa, sikumbuki nilipanda nini, nakumbuka Kiminini tu, kwa sababu hapo tulisimama kubeba mtu na nilitaka kulia.

Nilimkuta bado anasubiri kuitwa, amenipa mgongo, hedifoni masikioni, sauti ameiweka juu sana. Nikasikia kutoka humo ndani sauti yangu ya kunadi viatu. "Barasa." Nikiwa mlangoni ikaita tena. "Barasa." Nikamwona anavuta pumzi ya kuitika. Nipige kelele na nini? Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja. Akaniuma hadi damu ikatoka, na sikumwachilia. Tulikaa hivyo sakafuni, tunasikiliza. Mara ya tatu haikuja.

Alipogeuka akaona ni mimi, na mdomo wangu umefungwa, alivua hedifoni akazitupa. Ile mashine hajaigusa tena.

Barasa anaongea. Mimi siongei mpaka leo. Soko nimeliacha, sasa nashona viatu badala ya kuvinadi, na alama za meno yake ninazo kiganjani. Nyumbani Nekesa huniita mara tatu kila wakati, hata akiniona, ndipo nigonge meza kumjibu.

Sikukatazi gemu, utanisikiza? Lakini ukivaa hedifoni, kisha mwanaume mwenye sauti nzito, yenye mkwaruzo wa mtu wa soko, akuite jina la kwenu mara mbili halafu anyamaze, meza mate. Ngoja ya tatu. Huyo si mimi. Mimi nikiwa na haja nawe, nitakuja nibishe mlango.