Betri Niliyoigeuza

Leo nimefungua tochi, harufu ya betri iliyovuja ikanirudisha nyumbani. Jioni moja betri za redio ya baba zilikuwa zimechoka, na wazee wameshakaa mkekani wakingoja habari za Kisomali. Dada yangu mdogo akaunga betri moja zaidi kwa nje kwa waya, sauti ikapanda.

"Mashallah, huyu ndiye fundi wetu," baba akasema.

Na ni mimi niliyemfundisha.

Kesho yake, kabla wazee hawajafika, nikageuza betri moja, chanya ikaangalia chanya. Redio ikakataa kuongea. Baba akamwita dada. Akaifungua, akaiona ile betri, akaniangalia, halafu akaigeuza pole pole.

"Ni waya tu ililegea, aabo," akamwambia baba.

Baba akamsifu tena. Heri dada angenishtaki.