Ziwa la Mwezi Gani?

Luqmani alikuwa mchora ramani Singida mjini, na alijisifu kwamba mstari wake hausogei. Biashara huria ilipoanza na kila mtu akataka kiwanja, alilichora ziwa la chumvi lililo kando ya mji. Ilikuwa kiangazi. Kwa kuiamini ramani yake mwenyewe, akajenga nyumba karibu na maji.

Mvua za Elinino zilipokuja, ziwa lilitanuka, likapinda upande wa nyumba yake, likaingia jikoni. Mkewe, Rukaya, alikuta sufuria zinaelea.

"Baba Maryam," alisema taratibu, "hili ziwa hukulionyesha ramani?"

Luqmani alikunja suruali hadi magotini. "Mimi ni fundi cherehani niliyempima mjamzito wa miezi miwili, nikamshonea gauni la kwendea kujifungua."

Walihamia mlimani, naye akaanza upya. Kila msimu alilizunguka ziwa kwa miguu, akachora umbo lake kwenye karatasi inayopitisha mwanga, na kuandika tarehe pembeni. Akizipanga karatasi moja juu ya nyingine, aliliona ziwa likivimba, likisinyaa, likijivuta upande kama mtu anayegeuka usingizini.

Siku moja mzee Ramesh, mwenye duka la vitambaa, alikuja kuuliza ziwa linaishia wapi.

"Shikamoo, mzee. La mwezi gani?"

"Marahaba. Na jiko lako lililoingia maji je, lilikuwa la mwezi gani?"

Luqmani akacheka kuliko mgeni wake. Ramesh alinunua kiwanja mlimani.