Sindano ya Kutoa na Sindano ya Kutia

Siku binti yangu alipopatwa na degedege, majirani wote wa Kakuyuni walihitimu udaktari kabla chai haijachemka. Mmoja alileta kijiko cha kumtia mdomoni. Mwingine alileta kitunguu. Wa tatu alileta maoni, na hayo yalikuwa mengi kuliko yote. Mtoto alikuwa anawaka homa, macho yamegeuka, anatetemeka mikononi mwangu, nami nilitaka mtu mmoja tu aniletee pikipiki.

Mavyaa, mamake mume wangu, alikwisha kutoa majibu: ni nyuni. Huyo ni ndege ambaye, kwa mujibu wa mabingwa wa kwetu, akipita juu ya nyumba kivuli chake humwangukia mtoto. Dawa yake ni moshi wa mavi ya ndovu. Ndovu kwetu hayuko, ila mavi yake hayakosekani, na ukiuliza yametoka wapi huna adabu. Sharti ni moja: mtoto wa nyuni hadungwi sindano. Akidungwa, hufa.

Hospitalini walimtoboa kidole wakaona malaria. Nikashusha pumzi. Daktari, kijana wa bara, akaniharibia raha yangu. Alimwamkia mavyaa shikamoo, kisha akatueleza kwamba pwani hii mtoto huweza kuwa na vimelea vya malaria na bado akacheza kutwa nzima. Kwa hiyo kuviona hakutoshi. Alitaka damu ya mshipani apime uchafu unaoachwa na vimelea hivyo. Ukiwa mwingi, malaria ndiyo iliyomwangusha. Ukiwa kidogo, kuna ugonjwa mwingine nyuma yake, na tukiukosa huo tutamkosa mtoto.

"Kumbe hata nyinyi hamjui ni ndege yupi," mavyaa akasema.

"Hatujui, mama. Damu ndiyo itatuambia."

Akamkumbatia mjukuu wake, akageukia ukuta.

Nikamwambia, kwa heshima zote za mkaza mwana aliyechoka, "Mama, huyo ndege amesoma wapi hata aijue sindano?"

Hakukasirika. "Mwanangu wa kwanza alidungwa," alisema. "Hata kulia hakulia. Alinifia hapa, mapajani."

Hapo nami niliogopa kama alivyoogopa yeye.

Mavyaa akamuuliza daktari, "Sindano yako inatia au inatoa?"

"Inatoa, mama. Haitii kitu."

Akafikiri, kama kadhi mwenye kesi nzito mbele yake. "Ya kutoa haikukatazwa," akahukumu, na mkono wa mtoto akaushika mwenyewe.

Sindano ikaingia. Mtoto alikuwa amelegea, kimya. Nikamtazama mavyaa, hapumui. Ndipo binti yangu akapiga yowe, wodi nzima ikageuka.

"Analia," mavyaa akasema, machozi yakimtoka. "Huyu analia."

Uchafu ulikuwa kidogo. Malaria tuliyoishangilia ilikuwa mpita njia. Wakachota maji ya mgongoni, kwa sindano nyingine ya kutoa, wakaukuta ugonjwa wenyewe: homa ya uti wa mgongo. Na dawa yake, kwa kuwa Mungu naye ana mzaha, ilikuwa ni sindano. Ya kutia. Kila siku.

Nilijiandaa kwa vita. Havikutokea. Kila muuguzi alipokuja, mavyaa alimpakata mtoto, akamshika mkono, akainamia sikio lake.

"Lia, mjukuu wangu," alimwambia. "Lia sana."