Mwinyijuma Amtafuta Aliyemgonga

Watu wa Kibuta walimjua Mwinyijuma bin Mwishehe kuwa mtu wa tahadhari. Mbuzi wake alimfunga kwa kamba mbili. Kiangazi chote alitembea na mwavuli. Kabla ya kuteka maji kisimani alichungulia ndani, akatazama pembeni, kisha akachungulia tena, kana kwamba kisima kingeweza kuhama. Alikuwa mkulima wa mihogo na mafenesi, umri wake miaka arobaini na kitu, mwembamba, mpole, ila mbishi mno katika mambo madogo.

Mwaka 1953 korosho zilikubali, naye akaenda Dar es Salaam kununua baiskeli. Mwenye duka akamwambia kuwa chumba cha pili yupo karani wa bima, na kwamba kwa ada ndogo ya kila mwaka, baiskeli ikipata ajali, kampuni itaitengeneza au itampa nyingine. Wateja wengi walicheka wakaondoka. Mwinyijuma alikaa kwa karani yule akauliza maswali mpaka adhuhuri, kisha akaweka sahihi.

Mkewe, Mwanajuma, alizisikiliza habari hizo huku akipepeta mchele.

"Yaani umemlipa mtu ili usianguke?"

"Si ili nisianguke. Ili nikianguka."

"Na usipoanguka?"

"Nisipoanguka, basi."

Mwanajuma akaweka ungo chini. "Kwa hiyo ili mali yetu isipotee bure, ni lazima uanguke."

Mwinyijuma alilitafakari neno hilo siku kadhaa. Mwaka ukaisha salama, akalipa tena.

Basi ikatokea kwamba dada yake, Mwamvita, aliyeolewa Tumbi, alikuwa anamtoa mwali. Mwinyijuma kama mjomba alipaswa kwenda na kitu cha maana. Akachagua mafenesi mawili makubwa, yameiva mpaka yananukia toka mlangoni, akayafunga kwenye keria ya baiskeli kwa kamba nne. Akavaa kanzu yake ya Idi, akaondoka alfajiri kupitia Kisarawe, na saa nne ya asubuhi alikuwa ameshaingia barabara kuu ya Morogoro, bado kidogo afike kwa dada yake.

Alikuwa anaendesha pembeni kabisa, nusu ya gurudumu kwenye majani. Nyuma yake akasikia gari likija kwa kelele, kama sufuria zinazoburutwa. Hakugeuka, maana aliamini kugeuka nyuma ndiko kunakoangusha watu. Gari likamgonga kwenye keria.

Baadaye alisimulia kwamba alipaa. Alipaa hasa, akaona kilele cha mkorosho kwa pembeni, kisha akatua mtaroni juu ya kichuguu. Fenesi moja lilianguka naye, likapondeka. La pili lilikwenda juu kuliko yeye, likashuka juu ya kioo cha mbele cha gari lile, kioo kikapasuka, na fenesi zima likaingia ndani kwa dereva. Gari likayumba huku na huku. Dereva akatoa kichwa dirishani, uso wote umefunikwa na nyama za fenesi, akaendelea na safari yake kuelekea Mlandizi.

"Simama!" Mwinyijuma akapiga kelele. "Simama unipe namba!"

Gari likapotea kwenye vumbi. Mwinyijuma alijikagua. Kifundo cha mguu kimeteguka, kanzu imechanika toka kwapani hadi magotini, na baiskeli imejikunja katikati kama kitabu. Pamoja na maumivu yote, kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha. Akasema peke yake pale mtaroni, "Mwanajuma, nimeanguka."

Jumatatu iliyofuata, akiwa na fimbo na barua ya polisi, alikuwa tayari amekaa mbele ya karani wa bima. Karani mwenyewe, kijana aitwaye Matano, alikuwa na adabu nyingi na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeanguka."

"Pole sana mzee." Matano akatoa fomu ndefu. "Jina la aliyekugonga?"

"Simjui. Alikimbia."

"Namba ya gari lake?"

"Mwanangu, angesimama kunitajia namba, asingekuwa amekimbia."

Matano akaandika. "Ulipogongwa, ulikuwa unakwenda mbele au nyuma?"

"Mbele. Kisha juu."

"Juu haimo kwenye fomu, mzee. Nitaandika mbele." Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akaweka kalamu chini. "Hapa sasa ndipo penye shida. Aliyekugonga kama ana bima, kampuni yake ndiyo itakayokulipa. Kama hana, tutakulipa sisi. Sasa kabla hatujalipa, tunahitaji uthibitisho kwamba hana."

"Mtu simjui, nitathibitishaje kitu asichokuwa nacho?"

"Ndiyo maana itakubidi umtafute kwanza."

Mwinyijuma akamwangalia. "Nikimpata na bima yake, nyinyi hamnilipi."

"Hatukulipi."

"Nisipompata kabisa?"

"Hatukulipi vilevile."

"Kwa hiyo nimwombe Mungu nimpate, na nikishampata nimwombe asiwe na kitu."

Matano alifikiri kidogo. "Umeeleza vizuri kuliko sisi tulivyoandika, mzee."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mwinyijuma alirudi kwa dada yake Tumbi, akapumzisha mguu siku moja, kisha Jumatano akapanda basi mpaka Mlandizi, ambako gari lile lilikuwa limeelekea. Hakuwa na namba wala jina. Alichokuwa nacho ni fenesi. Akamwendea mama mmoja muuza vitumbua, Zena, aliyekaa kando ya barabara, akanunua viwili, akauliza taratibu kama katika siku hizi amepata kuona gari lililoingiwa na fenesi.

Zena alianza kucheka hata kabla ya swali kuisha. Alicheka mpaka mafuta yakamrukia mkononi. "Baba, unamtafuta Hemedi! Nenda nyuma ya msikiti. Hutapotea. Fuata nyuki."

Na kweli. Nyuma ya msikiti palikuwa na gari kuukuu la bodi ya mbao, milango imeachwa wazi, na nyuki wamelijaa wanaingia na kutoka kama abiria. Chini, siafu wamepanga mstari mpaka kwenye gurudumu. Harufu ilifika hatua hamsini. Mbali kidogo aliketi kijana wa miaka thelathini hivi juu ya debe, jicho moja limevimba kwa kuumwa, akilitazama gari lake kama mtu aliyefukuzwa nyumbani.

"Salaam aleikum," akasema Mwinyijuma. "Gari hili limepatwa na nini?"

"Aleikum salaam. Shikamoo mzee. Niligonga mfenesi."

"Marahaba. Mfenesi uliota wapi?"

"Barabarani."

"Mfenesi huo," akasema Mwinyijuma, "ulikuwa umevaa kanzu?"

Hemedi alimtazama usoni, akatazama fimbo, akatazama kifundo kilichofungwa kitambaa. Akainuka akapiga magoti papo hapo. "Mzee wangu, nisamehe! Sikukimbia, wallahi. Nilikuwa sioni! Nilipofumbua macho nikajikuta nimefika Mlandizi."

"Umetoka Tumbi mpaka Mlandizi umefumba macho?"

Hemedi akainamisha kichwa. "Nilikimbia kidogo."

Mwinyijuma akaketi kwenye debe lililoachwa wazi. Hasira alikuwa nayo, lakini aliiweka kando kwa sababu lilikuwapo jambo kubwa zaidi. "Mwanangu, niambie kweli tupu. Una bima?"

Hemedi akasimama wima kwa mara ya kwanza. "Ninayo, mzee! Mimi si mhuni. Ninayo, tena kamili!"

Mwinyijuma akatikisa kichwa. "Huna," akasema.

"Ninayo!"

"Fikiri vizuri. Huenda imekwisha."

"Haijakwisha!"

"Huenda imepotea."

"Mzee, ninayo sandukuni nyumbani, ina muhuri mkubwa wa serikali!"

"Nakuomba, mwanangu," akasema Mwinyijuma, "usiwe nayo."

Wapita njia walisimama kusikiliza. Hawakuelewa hata kidogo kwa nini mtu aliyegongwa anambembeleza aliyemgonga, na aliyegonga anakataa kwa fahari namna ile. Mwishowe wakakubaliana waende wote wawili kwa karani, karatasi ikasomwe, maana ilikuwa ya Kiingereza na kati yao hakuna aliyekijua. Walipanda basi kesho yake. Njiani Hemedi alikuwa ameishika karatasi kifuani kwa mikono miwili, na Mwinyijuma aliitazama kila mara kama mtu anayemtazama hakimu.

Matano aliipokea, akaikunjua, akaisoma. Akaisoma tena. Akaenda nayo dirishani penye mwanga.

"Ndugu Hemedi, karatasi hii uliipata wapi?"

"Gari nililinunua kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge, alipokuwa anarudi kwao. Alinikabidhi karatasi zote za nyumba nzima kwa mkupuo. Nikachagua hii, kwa sababu ya muhuri."

"Muhuri ni wa kweli," akasema Matano. Alikuwa anajitahidi sana na midomo yake. "Inasema hapa jina, Bela. Jike. Rangi ya kahawia, mkia mfupi. Ndugu yangu, hii ni leseni ya mbwa."

Mwinyijuma, mtu ambaye hakuna mtu wa Kibuta aliyewahi kumwona akiruka hata mtaro, aliruka. Aliruka kwa mguu mmoja ule mzima, akamkumbatia Hemedi, akambusu paji la uso. "Hana! Andika, mwanangu, andika haraka. Hana!"

"Miaka miwili," Hemedi alikuwa akisema huku amekumbatiwa. "Miaka miwili ninaendesha gari kwa leseni ya mbwa. Na askari wawili wameiangalia wakanipigia saluti."

Akaanza kulia, halafu katikati ya kilio akaanza kucheka, na Matano naye akashindwa kujizuia, mpaka bosi wake akatoa kichwa kutoka chumba cha pili kuuliza kuna msiba gani.

Hemedi alipelekwa mahakamani, akatozwa faini, akakatazwa kugusa usukani mpaka apate bima yenyewe. Mwinyijuma alitoa ushahidi wote, hakupunguza wala kuongeza, ila mwishoni aliomba aseme kwamba kijana si mbaya, ni mwoga tu. Baada ya kesi Hemedi alikwenda Tumbi kwa miguu yake na doti mbili za kanga, akamwomba Mwamvita radhi kwa kuwa mwali alitolewa bila mafenesi ya mjomba. Mwamvita alimsema saa nzima, kisha akampakulia wali.

Kampuni nayo ilitimiza ahadi, kwa namna yake. Siku Mwinyijuma alipoitwa, Matano alimtolea baiskeli mpya inayong'aa, yenye kikapu mbele, haina bomba la juu.

"Hii ya kike," akasema Mwinyijuma.

"Hati imesema baiskeli, mzee. Haikusema ya nani. Na stoo imebaki hii tu."

Walibishana mpaka saa ya kufunga ofisi. Mwinyijuma akashindwa, akaenda nayo Kibuta akiikokota, hakutaka aonekane juu yake. Mwanajuma alikuwa uwanjani. Aliizunguka, akakibonyeza kiti, akapiga kengele mara tatu.

"Hapa kanga itapita vizuri," akasema. "Hii yangu."

Majirani walidhani anatania. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anakwenda nayo shamba, jembe amelifunga nyuma, akipiga kengele kwa kila kuku. Watoto walimfuata wakishangilia na wazee wakatikisa vichwa. Mwinyijuma alimtazama siku moja akikata kona ya kisimani bila kupunguza mwendo. Aliingia ndani, akavaa kanzu iliyoshonwa ubavuni, akaenda kusubiri basi la Dar es Salaam, na kesho yake jioni akarudi na fomu mbili mpya za bima, ya baiskeli na ya mwenye baiskeli.